Eric Shipton: Aliyefungua njia ya Nelion, akanyang'anywa Everest

SISI tunaofanya biashara katika mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo, tumeizoea milima ya Rwenzori kiasi cha kutoiona tena. Asubuhi macho yetu yako kwenye foleni ya malori, kwenye karatasi za forodha na kwenye bei ya dola. Mimi pia niko hivyo, ingawa miaka minne ya ujana wangu niliimaliza juu ya mlima mwingine, Mlima Kenya, nikibeba mizigo ya watalii.

Niliingia Kenya mwaka 1982 nikiwa mkimbizi, kama Waganda wengi wa wakati ule, na nikarudi nyumbani mwaka 1986. Kazi niliyoipata pale Naro Moru ilikuwa ya upagazi. Huko ndiko nilikolisikia jina la Eric Shipton, Mwingereza aliyefariki mwaka 1977, ambaye maisha yake naona yanatuhusu watu wa mipakani kuliko tunavyodhani.

Msomaji asiyeujua Mlima Kenya aelewe kwanza jambo moja. Mlima ule una vilele vitatu vikubwa. Lenana, chenye mita 4,985, mtu mwenye afya njema hukifikia kwa miguu. Nelion, chenye mita 5,188, na Batian, chenye mita 5,199, ni mwamba mtupu. Huko hakuna njia ya miguu; ni mikono, kamba na moyo. Majina hayo matatu yalitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, kutoka kwa ukoo wa laibon wa Wamaasai: Mbatian, ndugu yake Nelieng na mwanawe Lenana.

Mackinder na waongozaji wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, ndio waliofika Batian kwanza, Septemba 13, 1899. Baada yao ilipita miaka 29 na zaidi bila mtu mwingine kufika. Waliojaribu walirudi.

Sasa turudi Januari 1985. Nilikuwa nimefikisha mzigo katika kibanda cha Austria, mita 4,790, kinachotazamana na mto wa barafu wa Lewis. Mtalii aliyekuwa apande Nelion aliugua ugonjwa wa kimo usiku ule. Alitapika hadi alfajiri, ikabidi ateremshwe na kiongozi msaidizi pamoja na wapagazi wenzangu. Kiongozi mkuu, Mkikuyu wa makamo ambaye sisi sote tulimwita Mzee tu, alibaki na kamba, vyuma na anga isiyo na wingu. Wiki iliyofuata alikuwa na wageni wengine, na alitaka kukagua vitanzi vya kuteremkia vilivyoachwa mwambani. Hawezi mtu kwenda peke yake. Aliniuliza kama naogopa. Nilijibu kwamba siogopi, na nilikuwa nadanganya.

Tulivuka barafu kabla ya jua, viatu vyangu vya kuazima vikiwa vimefungiwa miiba ya chuma. Mbele yetu ulisimama uso wa kusini mashariki wa Nelion, mweusi, kimo chake karibu mita 400 kutoka barafuni hadi juu. Wapanda milima huigawa njia ile katika vipande kama 20, kila kimoja kikiwa ni urefu wa kamba au pungufu. Kwa vipimo vyao ni njia rahisi ya kimapokeo, daraja la nne. Neno rahisi hapo lina maana yake. Mwamba ni imara, una pa kushika na pa kukanyaga, lakini ukiachia, hakuna kitu chini yako isipokuwa hewa na ile barafu.

Njia ya kimapokeo maana yake ni kwamba hakuna misumari ya kudumu ya kumsubiri mpandaji. Anayetangulia hubeba kabari ndogo za chuma kiunoni, anazichomeka katika nyufa, anapitisha kamba. Akifika mahali pa kusimama anajifunga na kumvuta mwenzake. Wa pili ndiye anayezing'oa zile kabari moja baada ya nyingine na kuja nazo. Kwa hiyo kazi yangu siku ile ilikuwa kuokota. Mtu wa nyuma akimaliza, mwamba unabaki kama ulivyokuwa.

Tuliposimama kwenye ubapa wa kwanza, nikihema kama mbuzi aliyekimbizwa, Mzee alianza kunieleza nani aliyeipata njia hii. Nadhani alitaka nisitazame chini.

Eric Shipton alizaliwa Agosti 1, 1907 katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Baba yake alifariki kabla mtoto hajafikisha miaka mitatu. Mama alikuwa mtu wa safari, na mtoto akakua akihamahama. Shule ilimshinda. Alichelewa sana kujua kusoma, na walimu wakamhesabu kuwa mzito wa akili. Siku hizi tungesema alikuwa na tatizo la kutambua maandishi. Chuo kikuu hakukanyaga. Alichokipenda ni milima ya Alps, na huko alikwenda kila alipopata likizo.

Mwaka 1928, akiwa na miaka 21, alikuja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa huko Nyeri. Niseme wazi kwamba enzi hizo Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa yake mwenyewe. Alitakiwa kuichuma ya mzungu. Shipton alikuwa mmoja wa wanufaika wa utaratibu huo, na kumsifu kwa mengine hakulifuti hilo.

Nyeri iko chini ya Mlima Kenya. Asubuhi, kabla ya mawingu kupanda, vilele huonekana wazi, na kijana huyo hakuweza kuyatoa macho. Alimpata mwenzake Percy Wyn-Harris, afisa kijana wa serikali ya kikoloni aliyekuwa mpandaji pia. Mwanzoni mwa Januari 1929, wakiwa na rafiki yao Gustav Sommerfelt, walipanda kutoka upande wa Chogoria wakisaidiwa na wapagazi wenyeji. Majina ya wapagazi hao sijayaona popote.

Walianza kwa kujaribu upande wa kaskazini mashariki wa Batian, wakashindwa. Ndipo wakazunguka na kuja kwenye uso huu wa Nelion. Sehemu za chini Mackinder alikuwa amezigusa mwaka 1899, kisha akakata kushoto na kuchonga ngazi katika barafu ngumu iitwayo Diamond hadi Batian. Shipton na Wyn-Harris walikuta kipande cha kamba yake ya zamani kimeoza mwambani. Kutoka hapo juu hapakuwa na alama ya binadamu.

Naomba msomaji afikirie walichokuwa nacho. Hawakuwa na kabari kama zetu. Walikuwa na kamba ya katani, viatu vyenye misumari chini, na kofia za kitambaa. Aliyetangulia akianguka, kamba ingekatika au wangeondoka wote wawili. Kosa moja lingetosha.

Mimi nilikuwa na kamba nzuri, na mtu wa kunivuta, na bado mguu wangu wa kushoto ulianza kutetemeka kama cherehani. Ilikuwa juu ya ule ufa ambao mawe yake hucheza kidogo ukiyashika. Baadaye kuna mwamba mrefu uliosimama peke yake kama mlinzi, unaitwa kwa jina la Mackinder. Unazungushwa kwa upande, na hapo upepo hukukuta kwa ghafla. Nilikwama. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na ile kabari niliyopaswa kuing'oa ilikataa. Mzee hakupiga kelele. Alivuta kamba kidogo tu, nikajua yupo. Niliigonga kabari kwa jiwe, ikatoka, nikasogea.

Shipton alisogea pale bila mtu wa juu. Walipanda hadi kileleni mwa Nelion, watu wa kwanza kabisa kukanyaga pale, kisha wakashuka kwenye mwanya kati ya vilele viwili, unaoitwa Lango la Ukungu, wakapanda tena hadi Batian na kurejea salama. Baada ya siku chache walirudi tena na kumpandisha Sommerfelt. Njia hiyo hadi leo ndiyo njia ya kawaida, ambayo wengi wanaofika Nelion hupita. Mwafrika wa kwanza kuufikia ule upeo wa Mlima Kenya anatajwa kuwa Kisoi Munyao, mwaka 1959, yuleyule aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani wakati wa uhuru mwaka 1963.

Habari za mwaka 1929 ziliandikwa magazetini. Mkulima mmoja wa Sotik, Bill Tilman, mwanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza ambaye shamba lake alilipata kwa bahati nasibu ya kugawia askari ardhi, alizisoma akamwandikia Shipton barua. Hivyo ndivyo ulivyoanza urafiki uliodumu maisha yao yote. Mwaka 1930 walipanda Kibo na Mawenzi huko Kilimanjaro, kisha wakaja Mlima Kenya na kupanda Batian kwa ukingo wa magharibi, njia ngumu kabisa kuliko hii ninayoieleza. Walifika juu jua likielekea kuzama, wakalazimika kuteremka kwa uso wa Nelion usiku, kwa mwanga wa mwezi. Tilman alikuwa ameangusha shoka lake la barafu. Shipton alikuwa anatapika kwa sababu ya nyama iliyoharibika. Njia rahisi ndiyo iliyowaokoa.

Januari 1932 waliendesha gari kutoka Kenya hadi kwetu, chini ya Rwenzori, wakawakodi wapagazi wa Kikonzo, na kupanda hadi Margherita, mita 5,109, ambako mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu ya theluji. Walitumia siku nyingi ndani ya ukungu bila kuona hata wanakoelekea. Mtu wa kwetu hashangai.

Kilichowatofautisha wawili hawa na wenzao ni mzigo. Wakati ule safari kubwa za Himalaya zilikwenda kama jeshi: mamia ya wapagazi, masanduku ya vyakula vya kopo, hata mvinyo. Shipton na Tilman waliamini safari inayofaa inaweza kupangwa nyuma ya bahasha moja. Mwaka 1934 walikwenda katika bonde la Nanda Devi, India, ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameweza kuliingia, wakiwa wao wawili na Masherpa watatu: Angtharkay, Pasang na Kusang. Walikula walichokula Masherpa na kubeba walichobeba Masherpa. Mimi niliyebeba viti vya kukunja vya watalii hadi mita 4,000 najua thamani ya jambo hilo. Bonde wakaliingia, kwa kupita kwenye magenge ya mto.

Kabla ya hapo, mwaka 1931, Shipton alikuwa amepanda Kamet, mita 7,756, mlima mrefu kuliko wote uliokuwa umewahi kupandwa hadi wakati huo. Mwaka 1933 alichukuliwa katika safari ya Everest, na Wyn-Harris wa Nelion naye akiwamo. Hapo lilitokea jambo ambalo nitalirudia. Akiwa juu kabisa pamoja na Frank Smythe, katika jaribio la mwisho kuelekea kileleni, tumbo lilimkataa. Alisimama, akaona kwamba akiendelea atakuwa mzigo, akageuka. Smythe aliendelea peke yake kwa muda, na upweke wa kimo ukamchezea hadi akakata kipande cha peremende kumpa mwenzake ambaye hakuwepo. Yeye pia hakufika.

Shipton alikwenda Everest tena mwaka 1935, 1936 na 1938. Katika safari ya 1935, kule Darjeeling, alichagua wapagazi, na mmoja aliyemchukua dakika za mwisho alikuwa kijana asiye na uzoefu aliyeitwa Tenzing Norgay.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta akiajiriwa kazi isiyotarajiwa. Mwaka 1940 alifanywa balozi mdogo wa Uingereza huko Kashgar, magharibi mwa China. Wafanyabiashara wenzangu, huo ni mji wa misafara, pale njia za India, China na Urusi zinapokutana. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwatetea wachuuzi wa Kihindi waliokuwa wakivuka milima na bidhaa zao. Watawala wa jimbo walikuwa wamewabana: biashara ilizibwa, raia waliogopa kununua kwao, wengine walifukuzwa. Balozi mwenyewe alisusiwa, watu wakaogopa hata kuonekana wakimsalimia. Alikaa huko hadi 1942, akarudi tena 1946 hadi 1948. Baadaye alipelekwa Kunming, kusini mwa China, akaondolewa huko mwaka 1951 baada ya utawala mpya kushika nchi.

Mwaka huohuo aliongoza msafara wa kupeleleza Everest kwa upande wa Nepal, kwa sababu upande wa Tibet ulikuwa umefungwa. Alimwongeza kwenye kundi mtu wa New Zealand aliyeitwa Edmund Hillary. Waliona kwamba njia ipo. Katika safari ileile alipiga picha ya nyayo za ajabu kwenye theluji, ambazo mpaka leo watu hubishana kama ni za mnyama au za zimwi. Mimi sina la kuongeza. Nacheka zaidi kwa tukio lingine. Walipotea njia wakaingia Tibet bila kibali, wakakamatwa na askari wenye silaha. Kiongozi wao wa wapagazi, Angtharkay, aligombana na wale askari kwa kelele kubwa, wazungu wakadhani wamekwisha. Kumbe lilikuwa ni suala la bei. Askari walitaka rupia kumi, Angtharkay akawashusha hadi saba.

Mwaka 1952 mpaka huohuo haukumchekesha tena. Alipewa safari ya majaribio kwenye mlima Cho Oyu. Njia nafuu ilikuwa upande wa Tibet, ng'ambo ya mpaka, na Shipton, aliyetoka kuondolewa China mwaka mmoja tu uliopita, hakutaka kuweka kambi kubwa kule na kuhatarisha watu wake kukamatwa na askari wa China. Alikubali jaribio dogo tu. Likashindikana. Vijana wake walinung'unika, na kamati kule London ikaanza kusema kwamba huyu hana hamu ya kushinda.

Kwanza walimpa uongozi wa safari ya Everest ya 1953, kisha wakamnyang'anya na kumpa mwanajeshi, John Hunt. Mei 29, 1953, Hillary na Tenzing walisimama juu ya Everest. Njia ilikuwa ile aliyoipeleleza Shipton. Watu wawili wale yeye ndiye aliyewaingiza. Yeye mwenyewe hakuwepo mlimani.

Ninapofika hapa huwa nakumbuka siku yangu. Tulifika Nelion kama saa sita mchana. Pale juu kuna kibanda kidogo cha bati, kazi ya Mwingereza Ian Howell, ambaye mwaka 1970 alipanda njia ileile peke yake mara 13 akibeba vipande vyake. Nilikaa mlangoni nikitafuna sukari. Batian kilikuwa palepale, ng'ambo ya Lango la Ukungu, mita 11 tu juu zaidi yetu. Niliona hata mawe yake. Nikiwa mkimbizi asiye na kitu, nilitaka kurudi Naro Moru nikiwa na hicho kimoja cha kusema.

Mzee alitazama chini, ambako wingu la mchana lilikuwa linapanda kutoka bonde la Teleki. Akaanza kuikunja kamba kuelekea tulikotoka. Nilimkasirikia, na sikumsemesha hadi tulipofika barafuni. Tuliteremka kwa kuning'inia, kamba baada ya kamba, na kabla hatujafika nusu theluji ilianza kutupiga usoni na vitanzi vikawa havionekani hadi uvipapase. Mwanya wa Batian ungetuchukua saa kadhaa kwenda na kurudi. Sikuwa najua hilo, yeye alijua.

Miaka ya 1950 ilikuwa mibaya kwa Shipton. Ndoa ilivunjika, kazi ya kulea vijana katika shule ya milimani ikaisha, akawa kibarua wa kukata miti msituni, mtu aliyewahi kuwa balozi. Akiwa na miaka 50 hivi alianza upya, huko kusini mwa Chile na Argentina. Alirudi huko mwaka baada ya mwaka, na katika msimu wa 1960 na 1961 akaivuka nyanda ya barafu ya Patagonia akiburuta chakula kwenye sleji. Alikuwa amelijua eneo lile kiasi kwamba serikali ya Chile ilimwomba ushauri katika mgogoro wake wa mpaka na Argentina. Mipaka haikumwacha.

Alifariki Machi 28, 1977 nchini Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huohuo Tilman, akiwa na karibu miaka 80, alipotea baharini akiwa na wenzake ndani ya chombo kilichokuwa kinaelekea visiwa vya Falkland.

Mto wa barafu wa Lewis tuliouvuka alfajiri ile umeyeyuka, umebaki vipande, na mwanzo wa njia sasa umejaa mawe yaliyolegea. Njia ya mwambani ni ileile. Kuna kabari moja ambayo Mzee alinipa tulipoagana mwaka 1986, ninaitumia kuzuia mlango wa stoo usifungwe na upepo. Batian sijafika mpaka leo.